Nimpe fundi bastola yangu au niiache ilivyo? Maswali ninayoulizwa Malindi na Lamu

Mimi ni mfanyabiashara wa Malindi, nina leseni ya bastola, na kwa miaka mingi nimekuwa nikifunga safari kwenda kulenga shabaha. Hilo limetosha watu wanione mtaalamu. Barazani baada ya Isha, kwenye gati la Mokowe nikisubiri boti, hata harusini, hakosi mtu wa kunivuta kando na kuninong'oneza: "Bwana, hii yangu nimpe fundi aitengeneze?" Majibu yangu yamekuwa yale yale, kwa hiyo nimeyaandika. Mimi si fundi bunduki. Ni mteja wa mafundi, niliyewahi kufurahi na niliyewahi kujuta. Anayetafuta namna ya kufungua bastola na kuichokoa mwenyewe hatapata kitu hapa.

"Kuitengeneza" bastola maana yake nini hasa?

Watu huchanganya mambo matatu. Kuna kukarabati, yaani kitu kimevunjika kirudishwe kilivyokuwa. Kuna huduma ya kawaida: springi zimechoka zibadilishwe, uchafu uliojificha utolewe. Halafu kuna hili tunalozungumzia, la kuibadilisha bastola nzima ikufae wewe. Ni kama kanzu. Ya dukani utaivaa na utaenda msikitini bila mtu kukucheka. Ya kupimwa itakaa begani sawasawa. Lakini fundi cherehani huanza na futi, akakupima mabega na mikono. Mwenye bastola akienda kwa fundi mara nyingi hana kipimo chochote, ana hamu tu.

Nusu ya wanaoniuliza, tukichimba kidogo, wanahitaji hilo la pili. Bastola ya milimita 9 iliyopigwa risasi elfu tatu hadi tano inastahili springi mpya ya kurudisha slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi ikitoka. Ni kazi ndogo, bei ndogo, na bastola hurudi kama ilivyotoka kiwandani.

Nitajuaje kama bastola yangu inahitaji fundi?

Nina sharti moja: taja kasoro kwa sentensi moja. "Jua likiwa kali sioni alama ya mbele." Hiyo ni kasoro. "Kidole changu hakifiki kwenye kifyatulio mpaka nizungushe kiganja." Hiyo pia. "Ganda la risasi hukwama likitoka, na hukwama kwa magazini, yale makasha ya risasi, zote mbili." Nzuri sana, hapo hata fundi atakushukuru. Lakini "nataka iwe kali zaidi" au "jamaa wa Nairobi wote wametengeneza zao" si kasoro. Hizo ni pesa zinazowasha mfukoni.

Ili sentensi hiyo ipatikane, nunua daftari. Kila ukienda uwanja wa shabaha andika tarehe, aina ya risasi, umepiga ngapi, umbali, zimeanguka wapi, na kama kuna iliyokwama andika ilikwama vipi. Zipe magazini namba, maana magazini mbovu imewahi kumsingizia bastola nzima. Baada ya risasi mia mbili, zilizopigwa siku tofauti, daftari litaanza kusema. Najua risasi ni ghali na cheti chako kina kiwango. Bado ni nafuu kuliko kumlipa fundi atibu mgonjwa ambaye hajulikani anaumwa wapi.

Kisha mwombe mkufunzi wa uwanja aipige yeye, mkiwa pale pale. Jirani yangu mmoja alikuwa tayari amefunga begi kupeleka bastola Nairobi kwa sababu "inapiga kushoto". Mkufunzi akaichukua, akapiga tano, zote zikaingia mahali unapoweza kufunika kwa kikombe cha kahawa. Akairudisha bila neno. Kwa mtu wa mkono wa kulia, risasi kuanguka chini kushoto mara nyingi ni kidole kinachokwapua kifyatulio na mkono unaojikaza kabla ya mlio. Bastola za kazi za siku hizi, zikiwekwa juu ya egemeo, hukusanya risasi ndani ya sentimita 7 hadi 10 kwa mita 25. Wengi wetu hata kwa mita 15 hatufiki hapo. Kama wewe ndiye unayetawanya risasi kuliko bastola, fundi hana cha kukusaidia.

Sheria ya Kenya inaruhusu?

Inaruhusu kazi ifanywe na aliyesajiliwa, na inaruhusu baadhi ya kazi tu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mtu anayetengeneza, kuuza au kukarabati bunduki kwa biashara awe mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa. Mtu huyo ana daftari lake la kisheria na ataandika bastola yako ilipoingia na ilipotoka. Akikwambia "acha tu, tunajuana", chukua bastola yako uondoke.

Soma cheti chako. Kinaeleza silaha uliyopewa idhini nayo: aina, ukubwa wa risasi, namba yake. Ukibadilisha mtutu ukawa wa risasi nyingine, mkononi una silaha ambayo cheti hakiijui. Namba ya silaha haiguswi kabisa, hata kwa kisingizio cha kupaka rangi. Fundi anayepaka huifunika au kuizunguka ili ibaki ikisomeka.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba sheria haioni bunduki nzima tu. Sehemu za bunduki nazo zimo, na vilevile kifaa cha kupunguza mlio au mwako. Kwa hiyo mtutu ulioagiza mtandaoni si kama redio ya gari. Kuingiza nchini kunahitaji kibali, na forodha hawana utani. Kuifanya bastola ipige mfululizo ni jinai, na fundi anayekudokezea hilo anakupeleka jela pamoja naye.

Kama una shaka, andika barua kwa Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kazi. Wenye leseni wanakumbuka Desemba 2018, serikali ilipoagiza raia wote wenye bunduki wapigwe msasa upya. Tulipigwa msasa sisi kabla ya bastola zetu. Siku ile hakuna aliyetaka kuwa na bastola isiyofanana na karatasi.

Hapa Malindi kuna fundi wa jua kali mwenye mashini ya kukerezea, mikono yake ni dhahabu. Je, yeye?

Hapana. Namjua, na kweli mikono ni dhahabu, ameniundia shafti ya pampu isiyotofautiana na ya kiwanda. Lakini sheria inahesabu hata kumwachia mtu bastola ashike kama kumkabidhi silaha. Wewe utakuwa umekosa kwa kuitoa, na yeye kwa kuipokea. Kisha ufundi wa chuma si ufundi wa bunduki. Katika kifyatulio kuna pembe ambazo upana wa unywele hutenganisha kushika na kuponyoka.

Nilainishe kifyatulio?

Hili ndilo swali nambari moja, na ndilo lililonigharimu.

Bastola yangu ni Ceska, ile CZ 75 ambayo kila msomaji wa magazeti ya Kenya amekutana na jina lake. Risasi ya kwanza, nyundo (kile chuma cha nyuma kinachoanguka ili risasi ilipuke) ikiwa chini, kifyatulio chake ni kizito, karibu kilo 5. Zinazofuata ni kama kilo 2. Mabadiliko hayo ya uzito kati ya risasi ya kwanza na ya pili yalinisumbua, nikatafuta fundi. Hakuniuliza natumia risasi gani wala bastola ni ya kazi gani. Nilipoipokea, kifyatulio kilikuwa laini kama siagi. Nilifurahi njia nzima mpaka nyumbani.

Wiki mbili baadaye, uwanjani: tak. Kimya. Nikasubiri, nikaitoa risasi, nikatazama fataki, kile kidude nyuma yake kinachopigwa ili baruti iwake. Kuna alama, lakini ni kidoa kidogo. Katika risasi kumi, tatu zilifanya hivyo. Kilichotokea ni rahisi kueleza: njia nyepesi ya kulainisha ni kuweka springi dhaifu ya nyundo. Springi dhaifu hupiga fataki kwa nguvu ndogo, na kuna risasi ambazo fataki zake ni ngumu. Kwenye karatasi ya shabaha hayo ni maudhi. Usiku, mlangoni pa duka, huo mlio mdogo wa tak ungekuwa kitu cha mwisho kusikia. Springi ya kiwandani ilirudi ndani, pesa hazikurudi.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Kifyatulio kikifanywa chepesi kupita kiasi, mshtuko tu unatosha. Mtu akikugusa bega, mkono ukikaza kwa hofu, risasi imeondoka. Vyuma vinavyoshika nyundo vikisuguliwa hadi karibu kumalizika, nyundo yaweza kuanguka slaidi inapojifunga, kidole kikiwa mbali.

Msimamo wangu leo: kwa bastola ya kujilinda, omba ulaini, usiombe wepesi. Kuna tofauti. Kifyatulio kinachokwaruza kama mlango wenye mchanga kwenye bawaba kinaweza kusafishwa na kulainishwa njia yake bila kupunguza uzito wake sana. Chini ya kilo 2 mimi sibebi. Wapo wanaopiga mashindano na vifyatulio vya nusu ya hapo, na ni stadi kweli, lakini bastola hiyo hawaendi nayo sokoni.

Kuna dawa nyingine isiyopitia kwa fundi: kufyatua bastola tupu nyumbani, baada ya kuhakikisha mara mbili kwamba haina kitu na risasi ziko chumba kingine, ukilenga ukuta usio na mtu nyuma yake. Dakika kumi kila siku kwa miezi miwili. Angalia kwanza kitabu cha kiwanda kama kinaruhusu kwa aina yako. Ule uzito wa kilo 5 nilioulalamikia siuhisi tena.

Na vilengeo?

Hapa nasema ndiyo haraka. Ukitaka kutumia pesa mahali pamoja, tumia hapa. Macho yakivuka miaka arobaini na tano, alama ya mbele huanza kuyeyuka. Alama pana kidogo, yenye rangi inayoshika jicho, au yenye uzi wa kunasa nuru ya mchana, hubadilisha upigaji siku hiyo hiyo. Na ukijuta, inatolewa ya zamani inarudi. Si kazi ya kukata chuma.

Zipo zinazong'aa gizani kwa tritiamu, gesi yenye mnururisho. Nzuri, ila ujue tritiamu hupungua nusu kila miaka 12 na kitu, kwa hiyo bastola ya mkono wa pili yenye "alama za usiku" yaweza kuwa na alama za kumbukumbu tu.

Vilengeo vya doti nyekundu, vile vya kioo kidogo chenye nukta ya nuru, ni habari nyingine. Bastola ambayo slaidi yake imetoka kiwandani na nafasi ya kuvipokea, sina neno. Lakini kukata slaidi nzima ili kidude kikae ni safari isiyo na kurudi. Na kwa sisi wa pwani, kioo huota ukungu ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kuingia kwenye joto la Malindi. Jaribu saa saba mchana mwezi wa Machi utaniambia.

Mkono wangu ni mdogo, bastola ni kubwa. Fundi atasaidia?

Anaweza, lakini jaribu kwanza yasiyo ya fundi. Bastola nyingi za plastiki huja na vipande vya kubadilisha mgongo wa kitako, na watu huvisahau kwenye kasha. Zile za chuma zina vibao viwili vya kitako, na vibao vyembamba peke yake hupunguza unene kwa milimita kadhaa. Mke wangu, ambaye ana leseni yake, aliacha kulalamika kuhusu bastola yake baada ya kubadilishiwa vibao tu, na mimi niliacha kumwelekeza namna ya kushika. Sijui ni lipi lililosaidia zaidi.

Vibao vyangu vilichongwa Amu. Nilivitoa vya zamani, nikaviweka kwenye bahasha, nikampelekea mchonga milango. Bastola yenyewe ilibaki kwenye sefu Malindi. Alivipima, akaniuliza ni vya nini, nilipomwambia akacheka sana, kisha akachonga mpingo ukakaa kama umezaliwa pale. Nilimkataza nakshi ya mashua aliyotaka kuongeza.

Kutu je? Bastola yangu ina madoa ya kahawia na nina mwaka mmoja nayo.

Ungekuwa Nakuru ningekujibu kwa mistari miwili. Lakini tuko huku, na huku adui wa bastola ni chumvi. Imo kwenye upepo wa kusi, imo kwenye jasho lako, imo kwenye rasharasha za boti kutoka Mokowe. Kwa wenzangu wa Lamu imo hata ukutani: nyumba za matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kutoa chumvi, na mtu hufunga sefu yake kwenye ukuta huo huo halafu anashangaa.

Ukiacha vilengeo, kama kuna sababu moja ya mtu wa pwani kwenda kwa fundi bunduki, ni kuvisha chuma ngozi mpya. Rangi ile nyeusi ya buluu ya bastola za zamani, kusema kweli, yenyewe ni aina ya kutu iliyodhibitiwa. Ni nzuri machoni na dhaifu mbele ya jasho. Ngozi ya fosfeti, ile ya kijivu isiyong'aa ya silaha za jeshi, hufanya kazi kwa kushika mafuta, na mafuta yakikauka imebaki sponji. Chuma cha pua hukawia kupata kutu, lakini hupata. Nimeona doa kwenye bastola ya chuma cha pua iliyolala mwezi mmoja ndani ya ala ya ngozi. Kromu ngumu ni imara. Chuma kilichopikwa kwa naitrojeni, kama slaidi za Glock, ni imara sana, na mara nyingi hakuna haja ya fundi kuifanyia chochote. Halafu kuna Cerakote, rangi yenye kauri inayopulizwa na kuokwa kwenye tanuri. Mimi ndiyo niliyoichagua. Inazuia chumvi vizuri, ingawa huchubuka pale inaposuguana na ala.

Muulize fundi swali hili moja: unapaka nje tu, au na ndani? Kutu inayoharibu bastola huanzia chini ya vibao vya kitako, kwenye shimo la magazini na kwenye springi. Nje ni uso tu. Rangi ikiwekwa nene ndani, vyuma navyo hukwama, kwa hiyo anayejua atakwambia sehemu zipi anapaka na zipi anaziacha.

Kabla ya hayo yote, angalia unavyoishi nayo. Usiilaze ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hushika jasho. Usiiviringishe kwenye leso. Nasema hivi kwa sababu nimeona bastola tatu zimeviringishwa kwenye leso, moja ikiwa na jina la mama wa mwenyewe kwenye jina la kanga, na zote tatu zilikuwa na kutu. Pamba hunywa unyevu. Futa jasho kila jioni, paka mafuta membamba kila wiki, weka ndani ya sefu vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye makasha ya viatu, na uvibadilishe. Sefu isigusane na ukuta. Madoa yako ya kahawia, kama ukucha haukwami ukipita juu yake, yatatoka kwa mafuta na kitambaa. Ukikwama, mpe fundi.

Mtutu wa usahihi zaidi?

Rudi kwenye kikombe cha kahawa.

Mbona Wamarekani wanatengenezesha bastola sana?

Kwa sababu bastola waliyokuwa nayo iliwapa sababu. Bastola ya John Browning iliyopokelewa na jeshi lao mwaka 1911 ilikuwa imara ajabu, lakini alama zake za kulengea zilikuwa ndogo kama punje ya mchele, nyundo yake iliuma ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, ilikuwa finyu, na mlango wa risasi uliundwa kwa risasi za ncha ya mviringo, nyingine zikakwama. Kasoro nne, kila moja unaweza kuitaja kwa sentensi. Mafundi kama Armand Swenson wakajenga jina kwa kuziondoa. Mashindano ya kulenga shabaha ya IPSC, shirikisho la kimataifa la wapigaji, yakaanza 1976, mwaka uliofuata Bill Wilson akaanza karakana yake Arkansas, na ikawa biashara kubwa.

Viwanda havikulala. Vilitazama mafundi wanafanya nini, vikaanza kuuza bastola ambazo tayari zina alama kubwa, sefti pana, mlango uliolainishwa. Unayoichukua leo dukani imeshapita mikononi mwa mafundi wale, kwa namna ya kusema. Kwa hiyo anayesoma kuhusu bastola za miaka ya sabini halafu akampelekea fundi bastola ya juzi, anataka kutibiwa ugonjwa wa babu yake.

Ninashindana. Hilo linabadilisha jibu?

Kidogo. IDPA, chama cha mashindano ya bastola za kujilinda kilichoanzishwa Marekani mwaka 1996, na ambacho wapigaji wa Kenya hushindana kwa kanuni zake, huko Kirigiti, Kiambu na kwingineko, hugawa bastola kwa madaraja. Daraja la bastola za kawaida linaweka mipaka ya mabadiliko. Unaweza kulipa fundi na kujikuta umehamishiwa kundi la watu wenye bastola bora kuliko yako. Soma kanuni za mwaka huo kwanza.

Niko Lamu. Nitaifikishaje kwa fundi?

Mara nyingi safari yako itaishia Nairobi, na nusu ya uamuzi wako iko hapo. Kwa barabara, kati ya Mokowe na Minjila utasimamishwa mara kadhaa, na tangu mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 hakuna askari wa njia hiyo anayechukulia bunduki kwa mzaha. Bastola iwe tupu, kwenye kasha lililofungwa, cheti mfukoni mwako. Mwambie askari mapema, kwa sauti ya kawaida, mikono ionekane: "Afande, nina silaha yenye leseni, iko kwenye kasha, cheti hiki hapa." Usisubiri aikute. Usiinue shati kumwonyesha.

Kwa ndege, kutoka Manda au Malindi, ongea na shirika kabla ya kukata tiketi, na ujitangaze kabla ya kufika kwenye mashini ya ukaguzi. Wala usimpe mtu akupelekee. Binamu yako mwaminifu hana cheti cha bastola hiyo.

Fanya hesabu: kwenda, kurudi, kwenda tena kuichukua, na wiki au miezi utakayokaa bila silaha uliyoiombea leseni kwa sababu za usalama. Mimi huunganisha na safari ya biashara. Kama huna safari nyingine Nairobi, kasoro ndogo haistahili.

Nimuulize fundi nini?

Akuonyeshe usajili wake. Kisha nyamaza uone kama yeye ndiye atakayekuuliza. Fundi mzuri atataka kujua bastola ni ya nini, unapiga risasi gani, inakwama wapi, na atataka kuona daftari. Atakukatalia jambo moja angalau. Aliyenilainishia kifyatulio hakunikatalia chochote.

Mwandikiane: kazi gani, bei gani, lini, na vipande vya zamani virudishwe kwako. Hilo la mwisho ndilo lililoniokoa. Muulize pia kama atapiga risasi za majaribio kabla ya kukurudishia, na ngapi.

Nitapata pesa zangu nikiiuza?

Hutapata. Anayenunua huogopa bastola iliyoguswa, na ana haki.

Nakshi, dhahabu, jina langu kwenye slaidi?

Ni pesa zako. Nitasema tu kwamba bastola ya kujilinda hubebwa isionekane, na mtu hachori kitu ambacho hakusudii kukionyesha.

Imerudi kutoka kwa fundi. Naanza kuibeba leo?

Subiri. Ikague ikiwa tupu: sefti inashika, nyundo haianguki, magazini zinaingia na kutoka. Linganisha namba na cheti. Kisha uwanjani, risasi mia kwa uchache, za aina ile ile unayobeba, bila kukwama hata moja. Ikikwama moja, tafuta sababu na uanze hesabu upya. Ndiyo, ni ghali. Ile Ceska yangu niliibeba kiunoni wiki mbili nzima kabla ya kujua kwamba risasi tatu kwa kumi zingenisaliti.

Na yako wewe imefanyiwa nini sasa?

Alama ya mbele mpya. Vibao vya mpingo. Rangi ya kuzuia chumvi, ndani na nje. Springi ya slaidi nimebadilisha mara mbili. Kifyatulio ni cha kiwandani. Daftari liko kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu la kwanza lililiwa na unyevu, na ukurasa wa mwisho unasema risasi hamsini, mita 15, mbili zimetoka nje, zote mbili chini kushoto.